Kiraka Linajifunza Kusimama

Ilikuwa vigumu kuingia nyumba yoyote ya mtaa ule bila kusukuma kitu alichokitengeneza yeye. Mageti makubwa, mageti madogo, madirisha ya chuma, hata mlango wa zahanati, vyote vilitoka katika karakana yake ya mabati iliyokuwa uani kwake. Ndiyo maana watu walimwita Mama Mageti, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kutumika kwenye karatasi za serikali tu.

Kutengeneza geti hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kulifikisha. Alimtegemea mwenye pikapu ya kukodi, bwana mmoja mpole mwenye kasoro moja, kwamba kila ukimpigia simu alikuwa "njiani nakuja", huku nyuma yake unasikia maji ya kuoga yakimwagika. Siku moja geti lililoagizwa kwa nyumba ya harusi lilifika bibi harusi akiwa ameshatoka. Mama Mageti alirudi nyumbani, akavua buti, akamwambia mumewe, "Natengeneza gari."

Mumewe alikuwa mwokaji wa mikate, mtu wa kuamka alfajiri na kusinzia saa nane mchana. Alifungua jicho moja. "Unanunua?"

"Natengeneza."

"Haya," akasema mumewe, akalifunga lile jicho. Walikuwa wameishi pamoja vya kutosha. Alijua hapo hakuna cha kubishania.

Na kweli akatengeneza. Fremu aliiunda mwenyewe kwa mabomba ya mraba, yaleyale ya mageti ila mazito zaidi. Injini na ekseli ya nyuma zilitoka kwenye pikapu iliyopinduka. Magurudumu ya mbele na breki zake za diski zilitoka kwenye gari dogo lililokuwa limegeuka banda la kuku. Usukani ulitoka pengine, viti pengine kabisa, na kimoja kilikuwa kirefu kuliko mwenzake, hivyo dereva alimtazama abiria kwa juu kama hakimu. Majirani wakaliita gari hilo Kiraka. Yeye hakuchukia. Alilipaka rangi ya bluu, akaandika jina hilo mlangoni kwa herufi za kupinda alizokuwa akizitumia kwenye mageti ya matajiri.

Mtu mmoja tu hakulicheka wala kulisifu. Huyo ni kaka yake mkubwa. Kaka huyu alikuwa amechonga funguo sokoni kwa miaka mingi, lakini watu bado walimwita Dereva, kwa sababu ujanani aliendesha malori ya masafa marefu. Siku moja lori lake lilikosa breki kwenye mteremko. Alilichomeka kwenye ukingo wa udongo, mzigo wote wa saruji ukamwagika, yeye akatoka mzima, amejaa vumbi jeupe kama mtu aliyefufuka. Tangu hapo hakukaa tena nyuma ya usukani. Hakueleza, na watu wakaacha kuuliza.

Alipoletwa kuliona Kiraka, alilizunguka mara moja, mikono mgongoni. "Linawaka?"

"Linawaka, kaka."

"Kuwaka si kazi. Linasimama?"

"Litasimama."

"Lijaribu kwanza likiwa limeinuliwa kwa jeki," akasema, akaenda zake.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama Mageti alivunja taa. Asubuhi iliyofuata aliliwasha, akalitoa karakanani, akalielekeza getini kwa mwendo wa bibi kizee. Mumewe alisimama barazani na kikombe cha chai. Mama Mageti alipolikaribia geti, akakanyaga breki. Pedali ikashuka taratibu, laini, kama anakanyaga mkate uliotoka tanurini, mpaka ikagusa sakafu. Akakanyaga tena. Safari hii ikashika kidogo. Mkono wake, ambao ungefaa kwenda kwenye breki ya mkono, ukaenda kwenye honi. Kiraka likapiga honi kwa heshima zote, likagonga geti.

Geti halikutikisika. Taa moja ya mbele ya Kiraka ilianguka chini na kubingirika mpaka miguuni pa mwokaji.

"Angalau," akasema mumewe baada ya kunywa funda moja, "tumejua geti ni imara."

Mama Mageti alicheka, lakini alikaa muda kwenye kile kiti kirefu kabla ya kushuka. Lile geti lilifunguka barabarani. Nje yake watu walikuwa wakipita.

Basi akaanza kutafuta ugonjwa. Hakuwa fundi wa magari, lakini alijua kwamba mfumo wa breki za mafuta, ukiuondolea majina yake magumu, ni bomba tu. Unakanyaga huku, mafuta yanasukumwa, yanabana kule. Mafuta hayabonyei. Kinachobonyea ni hewa. Kwa hiyo pedali ikiwa laini, na ukiipampu mara mbili tatu inapanda, ama kuna mahali mafuta yanatoka, au kuna mahali hewa imejificha.

Alianza na kuvuja. Aliweka vipande vya maboksi chini ya kila gurudumu, akafuta kila kiungo kwa kitambaa kikavu, akampa mumewe kazi ya kukanyaga. Maboksi yakabaki makavu. Kikopo cha mafuta hakikupungua. Basi ni hewa, akasema, na kutoa upepo kwenye breki kila mtu anajua: mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine anafungua skrubu ndogo kwenye gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu yake kupitia mpira mwembamba, skrubu inafungwa, ndipo pedali inaachiwa. Sharti ni moja. Usiachie kabla haijafungwa, la sivyo gari linavuta hewa upya.

"Kanyaga," alisema akiwa chini ya gari.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Akafungua skrubu, akaifunga.

"Umeshikilia?"

"Nilikuwa nimeshikilia," alijibu mwokaji, "kisha pedali ikashuka, nikadhani imechoka, nikaiachia ipumzike."

Walirudia mpaka mumewe akaelewa kwamba pedali haichoki. Walirudia mpaka chupa ya mafuta ikaisha, wakanunua nyingine. Matone yaliyomwagika kwenye mlango yaliifanya ile rangi ya bluu ivimbe na kubanduka, herufi ya kwanza ya jina ikatoweka, na kwa siku kadhaa gari likaitwa Iraka. Mapovu yalitoka kidogo siku ya kwanza, kisha yakakoma kabisa. Hata hivyo pedali ilibaki laini vilevile. Alibadilisha silinda ya juu, ile inayokanyagwa na pedali. Laini. Akabadilisha mipira ya mbele inayopitisha mafuta. Laini.

Hapo ndipo alipoanza kulichukia gari lenyewe. Alipita karibu nalo kila asubuhi bila kulitazama, kama watu waliogombana wanaoishi nyumba moja. Mageti yakaendelea kusafirishwa na yule bwana wa "njiani nakuja". Mumewe aliona, na alipokuwa akirudi kutoka kazini akapitia sokoni, kwenye kibanda cha funguo.

"Shemeji," alisema, "dada yako hali mkate. Ujue kwangu mimi hilo ni tusi."

Dereva alikuja jioni ileile, bado na vumbi la shaba la funguo kwenye vidole. Mama Mageti alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu la mbele.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia uligonga geti."

"Kidogo."

"Hakuna kugonga kidogo. Kuna kugonga na bahati." Akavuta ndoo, akaikalia. "Nionyeshe."

Akamweleza yote, na kaka yake akasikiliza bila kumkatiza. Mwishowe alisema kwamba mwokaji ni mtu mwema lakini mguu wake umezoea kukanyaga unga, na kwamba kazi ile inataka mguu unaojua pedali inasema nini. Kisha wote wawili wakakitazama kile kiti kirefu. Injini ilikuwa imezimwa, gari liko juu ya vigogo, magurudumu yametolewa; halikuwa zaidi ya kochi lenye usukani. Dereva alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapanda, akakaa. Mikono hakuiweka kwenye usukani. Aliiweka mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Sema," akasema.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga. Nashikilia."

Waliendelea hivyo, yeye chini, kaka yake juu, na kaka hakukosea hata mara moja. Pedali ikabaki laini.

"Ina hewa," alisema Dereva. "Naisikia kwenye unyayo. Hewa iko mbele huko, na haitaki kutoka."

"Itakuwa wapi? Nimeitoa mpaka basi."

Kwa hasira ya uchovu alifungua boliti mbili za kalipa, lile jumba dogo la chuma linalobana diski, akalitoa mahali pake likiwa bado limeunganishwa na mpira wake. Alitaka kuangalia kama vibao vya breki vimekaa sawa. Akachomeka kipande cha ubao katikati ili pistoni isije ikaruka nje, na kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka akalilaza pajani, juu chini chini juu.

"Kanyaga polepole," alisema. "Shikilia."

Akafungua skrubu, na kwenye ule mpira mwembamba likapita povu moja refu kama kidole, likafuatwa na jingine, na jingine. Alifunga haraka.

"Rudia, kaka."

Wakarudia. Mapovu yakatoka tena, makubwa, yasiyo na aibu, kama watu wanaotoka ukumbini hotuba imekwisha. Mama Mageti alibaki akilitazama lile kalipa pajani pake. Kisha akaanza kucheka peke yake, kicheko cha chini kwa chini, mpaka kaka yake akainama dirishani kuona kama yuko salama.

"Makalipa nimeyafunga upande siyo," alisema. "La kulia nimeweka kushoto, la kushoto kulia."

"Yanaingia?"

"Yanaingia vizuri sana, ndiyo balaa. Niliona yakikaa hivi mipira inalingana pande zote mbili, inapendeza. Kumbe skrubu ya kutolea upepo imekuwa chini. Hewa inapanda juu, mimi naisubiri chini. Tungetoa upepo mpaka wajukuu waje, isingetoka."

"Umetengeneza breki kama geti," alisema Dereva. "Ipendeze pande zote."

Aliyabadilisha jioni hiyohiyo, skrubu zikaangalia juu. Walitoa upepo kwa zamu, gurudumu la mbali kwanza na la karibu mwisho, na kaka yake alipokanyaga kwa mara ya mwisho pedali ilishuka upana wa vidole viwili ikakataa kwenda zaidi. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Dereva aliishikilia kwa mguu kama anasikiliza mapigo ya moyo. Haikuzama.

"Hii," akasema, "hii sasa ni breki."

Mama Mageti alitaka kuliwasha papo hapo. Alishaanza kuyarudisha magurudumu, akiimba. Kaka yake hakuimba. Alikuwa ameshuka na kuinama pembeni mwa fremu, na kwa vidole vyake vya kuchonga funguo alikuwa akilifuata lile bomba jembamba la chuma linalopeleka mafuta nyuma. Vidole vikatembea, vikatembea, kisha vikasimama.

"Hapa pana nundu."

"Hapo niliunga," alijibu. "Bomba lilikuwa fupi, nikapata kipande, nikaunganisha kwa gesi na shaba. Angalia kiungo kilivyo laini. Hata hukioni kwa macho."

"Ulichomelea bomba la breki."

"Nilichomelea vizuri."

"Bomba la breki halichomelewi, mdogo wangu."

Mama Mageti alisimama na spana mkononi. Angeweza kuambiwa jambo lolote kuhusu injini, viti, hata rangi, angelimeza. Kuchomelea, hapana. "Kaka, kuna watu wanalala usingizi mtaa huu kwa sababu ya viungo vyangu. Nitajie kimoja kilichoachia."

"Sina cha kukutajia."

"Basi?"

Dereva alirudi kwenye ndoo yake. Alizungumza bila kumtazama, kwa sauti ya mtu anayesoma saa. "Lile lori langu lilikuwa na kiungo. Tajiri alikuwa amelipeleka kwa fundi kabla ya kunikabidhi, hakuniambia. Fundi yule hakuwa mbaya. Nilikuja kukiona baadaye, nimekaa kwenye saruji, bomba linaning'inia mbele ya pua yangu. Kilikuwa kimeungwa vizuri, laini kama hicho chako."

Akanyanyuka, akasema kesho ana funguo za watu, akaondoka. Mama Mageti hakumsindikiza. Alimaliza kufunga magurudumu kwa kelele nyingi, akaingia ndani, akamwambia mumewe kwamba watu wengine wakiogopa huwa wanataka na wenzao waogope. Mumewe alisema inawezekana, akamkatia mkate. Akaula wote bila kujua kama ni wa leo au wa juzi.

Asubuhi aliamka kabla hajaamshwa na mtu. Alienda karakanani, akalifungua lile bomba kutoka kwenye fremu, akalibana kwenye jiriwa. Akachukua msumeno, akakikata kile kiungo katikati kwa urefu wake, polepole, kama anayepasua samaki. Alitaka kuona. Alitaka, tuseme ukweli, kumpelekea kaka yake ushahidi.

Na ushahidi aliupata. Ndani palikuwa safi kabisa. Shaba ilikuwa imeingia pande zote, hakuna tundu, hakuna ufa, kazi ya kuonyesha wanafunzi. Alikigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akajisikia vizuri kwa muda wa kama pumzi mbili. Halafu akavitazama tena vile vipande viwili mkononi. Ili ajue kiungo kile ni kizima, ilimbidi akiharibu. Kwenye geti haikuwa hivyo. Geti unalitikisa, unaligonga kwa nyundo, na likiachia linaachia likiwa limesimama. Hiki kingekaa chini ya gari, kwenye matope na mtetemeko, siku nenda siku rudi, na yeye asingekuwa na njia ya kukiuliza hali.

Aliweka vipande mfukoni, akaenda dukani kwa fundi wa mabomba ya breki, akakatiwa bomba jipya lisilo na kiungo, refu kutoka mwanzo mpaka mwisho, ncha zake zikapanuliwa kwa mashine. Kisha akapitia sokoni. Aliweka vile vipande kwenye meza ya funguo.

"Kilikuwa kizuri, kaka," alisema.

Dereva aliviangalia kwa ile miwani yake ya kazi. "Naona. Hata kile kingine kilikuwa kizuri, siku zote isipokuwa moja."

Kisha Mama Mageti akalinyanyua lile bomba jipya, akamwonyesha. "Njoo ukanyage."

Safari hii walifanya kama kaka mtu alivyotaka. Gari juu ya vigogo kwanza: magurudumu yazungushwe, yabanwe, yazungushwe tena. Pedali ishikiliwe mpaka mguu uchoke, na maboksi chini yakaguliwe, tone moja likionekana kazi inaanza upya. Breki ya mkono ijaribiwe peke yake, maana ya miguu ikikataa, hiyo ndiyo ndugu aliyebaki, na mkono uzoeshwe njia ya kwenda kwake badala ya honi. Baada ya hapo wakalipeleka kwenye uwanja wa mpira, asubuhi hakuna mtu, Dereva kwenye kile kiti kifupi akimtazama dada yake kwa chini. Mwendo wa kutembea, simama. Mwendo wa baiskeli, simama. Mwendo wa mtu mwenye haraka, simama. Mara moja lilivuta kidogo kushoto. Wakashuka, wakakuta mpira mmoja wa mafuta umejikunja, wakaunyoosha, wakaanza upya toka mwendo wa kutembea. Mama Mageti alinung'unika. Kaka yake alisema yeye ana siku nzima.

Mkaguzi wa magari, msichana makini mwenye viatu vilivyong'aa kuliko Kiraka zima, alilizunguka gari akiwa na uso wa mtu anayeonja dawa. Aliulizia kila kitu. Alilirudisha mara ya kwanza kwa sababu ya kioo cha pembeni, mara ya pili kwa sababu ya ile taa. Kuhusu breki alikanyaga, akakanyaga tena, akaandika, akasema tu, "Hizi ziko sawa." Mama Mageti alitaka kumsimulia habari yote ya mapovu na bomba, lakini nyuma yake kulikuwa na foleni.

Geti la kwanza alilolipeleka mwenyewe lilikwenda kwa mjane mmoja aliyejenga juu ya kilima, kwenye barabara nyembamba isiyopishana magari mawili. Dereva alifuatana naye, eti kusaidia kushusha. Walipokuwa wameshusha nusu, dada mtu ameshika upande mmoja na fundi mwashi wa pale ameshika mwingine, gari la maji likatokea kwa juu likapiga honi. Halikuwa na pa kupita.

"Nani mwenye hili gari?" akauliza mwenye gari la maji.

Mama Mageti hakuweza kuliachia geti. Lilikuwa na uzito wa watu watatu. Alifungua kinywa amwombe mwenye gari la maji asubiri. Kabla hajasema, akasikia mlango wa Kiraka ukifungwa.

Hakugeuka. Aliendelea kulishikilia geti, macho kwenye bawaba, na kumwambia yule mwashi ashike vizuri, ashike vizuri, wakati alikuwa ameshika vizuri kabisa. Nyuma yake injini ikawaka. Ikanguruma bila kwenda popote, kwa muda ambao ulimtosha kuhesabu misumari yote ya bawaba ile. Kisha Kiraka likashuka kinyumenyume, taratibu, likisimama kila baada ya hatua chache na kuanza tena, mpaka penye nafasi ya kupishana. Breki ya mkono ikavutwa kwa mlio mrefu. Gari la maji likapita, mwenye gari hilo akapunga mkono.

Dereva alirudi kwa miguu akipanda kilima, anahema, shati limelowa mgongoni. Akashika geti katikati.

"Pedali yako iko juu kidogo," alisema. "Mtu mwenye goti bovu anapata tabu."

"Nitaishusha, kaka."

"Na kile kiti."

"Kiti nacho."

Wakalinyanyua geti, wakaliingiza kwenye bawaba zake, mjane akalisukuma kwa kidole kimoja kuona kama litafunguka.